Usukani Ulioganda: Subira Kwanza, Nyundo Baadaye

Katika kijiji chetu yupo mzee mmoja mwenye gari la zamani aina ya Land Rover. Lilitengenezwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi gari hilo lilibeba pamba, mahindi, maharusi na wagonjwa. Halafu injini iliharibika, na mzee hakuwa na fedha za kuitengeneza. Gari likaachwa chini ya mwembe. Kuku wakataga ndani yake. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena.

Mwaka jana mjukuu wake alirudi kutoka mjini na fedha kidogo. Injini ikatengenezwa. Siku ya kuiwasha tulikuwa wengi pale. Injini iliponguruma, kina mama walipiga vigelegele. Maana kutoka kwetu hadi zahanati ni mbali, na usiku hakuna usafiri.

Lakini kijana aliposhika usukani, ukakataa. Hauendi kulia, hauendi kushoto. Umeganda kama jiwe.

Kijana akaleta bomba la chuma. Akalipitisha katikati ya usukani, akawaita wenzake wawili. "Haya, tuvute pamoja!" Ndipo alipofika fundi mmoja wa makamo, ambaye amezoea magari haya.

"Shikamoo, mzee wangu," alimwamkia mwenye gari. "Mwambie mjukuu wako aache."

"Marahaba, fundi. Kwa nini aache? Si umeshika kutu tu?"

"Mzee, kitu kikivunjika leo hapa chini ya mwembe, si hasara kubwa. Utanunua kingine. Lakini kikipata ufa bila sisi kuuona, kitavunjika siku umebeba mama mjamzito usiku, kwenye mteremko. Hapo utasema nini?"

Watu wote wakanyamaza. Kijana akaweka bomba chini.

Fundi alikaa kwetu siku sita. Mimi nilimsaidia kumshikia taa na spana, na nilimwuliza maswali mengi. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI USITUMIE NGUVU

Usukani wa gari haugeuzi magurudumu moja kwa moja. Chini yake kuna sanduku lenye vyuma vinavyosagana. Kazi ya sanduku hilo ni kuongeza nguvu ya mikono ya dereva. Ukisukuma kidogo juu, chini inatoka nguvu zaidi ya mara 10. Ndiyo maana hata mtu mwembamba anaweza kugeuza gari zito.

Sasa fikiri. Vijana watatu wenye bomba refu wanavuta. Nguvu yao inaongezwa na bomba, halafu inaongezwa tena na sanduku. Nguvu yote hiyo inakwenda kwenye kiungo kimoja kilichoshikana. Kiungo kisipoachia, kitu kingine kitapinda au kitapasuka. Na chuma kilichopasuka kidogo hakipigi kelele. Kinangoja.

USUKANI NI MNYORORO

Tuangalie njia ya usukani katika Land Rover za aina hii. Zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1958 hadi 1985 zikiwa na mpango huu, ingawa zilibadilishwa hiki na kile.

Kwanza ni usukani wenyewe na mhimili wake. Mhimili unaingia kwenye sanduku la usukani. Sanduku lina mkono wa chuma. Mkono huo unasukuma rodi ya kwanza, inayokwenda mbele ya gari.

Mbele kabisa, ndani ya mwamba wa chesisi, amesimama mtumishi mmoja ambaye watu wengi hawamjui. Mafundi humwita rilei. Rilei ni bomba nene lililosimama wima, na ndani yake kuna mhimili wenye mkono mmoja juu na mwingine chini. Kazi yake ni kupokea msukumo wa rodi ya kwanza na kuupeleka kwenye rodi ya pili.

Rodi ya pili inasukuma gurudumu moja. Kisha rodi ndefu, ambayo mafundi huiita tairodi, inaunganisha gurudumu hilo na lenzake. Ndiyo maana magurudumu yote mawili hugeuka pamoja.

Kila rodi ina kiungo kila mwisho. Kiungo hicho kinaitwa boljointi. Ni kama nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Rodi tatu, boljointi sita. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna pia tufe kubwa la chuma ambalo gurudumu hugeukia. Hesabu basi viungo vyote. Kimoja tu kikikauka, mnyororo wote unasimama.

KUTU HUFANYA NINI?

Bodi ya Land Rover hii kwa sehemu kubwa ni ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Kwa hiyo kwa macho gari linaonekana zima. Lakini chesisi na vyuma vya usukani ni chuma, na chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu.

Kutu ina tabia moja mbaya. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndani ya nati, ambamo nafasi ni ndogo sana, kutu huvimba na kubana kama kabari. Grisi na mafuta hukauka nazo. Vumbi na tope vikiingia, vinakuwa kama saruji.

KWANZA TAFUTA MGONJWA

Mganga hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Fundi naye alifanya hivyo.

Aliliweka gari mahali tambarare. Aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Alitoa waya wa betri. Akainua mbele kwa jeki, halafu akaweka magogo imara chini ya ekseli, pande zote mbili. Alilisukuma gari kwa bega kuona kama litatikisika. Halikutikisika. Ndipo alipoingia chini.

Ndugu msomaji, shika neno hili. Jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulala chini yake. Jeki ikiteleza, huna nafasi ya kukimbia.

Baada ya hapo alipima hivi:

1. Aliachanisha rodi ya kwanza na mkono wa sanduku. Akazungusha usukani. Ulizunguka bila taabu. Kwa hiyo sanduku lilikuwa zima.

2. Aliachanisha rodi ya pili na gurudumu. Akageuza magurudumu kwa mikono. Yaligeuka, ingawa kwa uzito kidogo. Kwa hiyo mgonjwa hakuwa kwenye magurudumu. Kama yangekataa, angefungua pia tairodi upande mmoja, ili ajue ni gurudumu lipi.

3. Palibaki rilei peke yake. Alisukuma mkono wake. Haukusogea hata nywele moja.

"Mgonjwa wetu huyu hapa," alisema. Kijana alitazama chini. Alikuwa tayari kulivunja sanduku zima kwa kosa la mwingine.

KUACHANISHA BOLJOINTI

Nimesema "aliachanisha" kana kwamba ni rahisi. Kazi hiyo peke yake ilichukua siku tatu.

Shina la boljointi si nene sawasawa. Ni nene upande mmoja, jembamba upande mwingine, nalo limekazwa ndani ya tundu la mkono wa chuma. Wewe mkulima unalijua jambo hili. Mpini wa jembe nao ni mnene kichwani. Kadiri unavyolima, ndivyo unavyokaza. Je, ukitaka kutoa mpini, unauvuta tu? Huvuti. Unaugonga, unashtuka, unaachia. Boljointi ni vivyo hivyo.

Hatua ni hizi:

Siku ya kwanza, safisha. Kwangua tope. Sugua nyuzi za nati kwa brashi ya waya mpaka uzione. Chomoa kotapini, yaani ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke. Kisha tia mafuta ya kupenya kutu. Kama dukani hakuna, changanya mafuta ya taa na oili nyepesi. Mafuta mepesi hutambaa kwenye nafasi ndogo ambamo oili nzito haiwezi kuingia. Tia asubuhi, tia mchana, tia jioni. Halafu nenda kalale.

Siku ya pili, gonga kidogo kidogo kuzunguka tundu, halafu tia mafuta tena. Mgongo mdogo hufungua njia, mafuta hufuata.

Siku ya tatu, legeza nati mizunguko michache, lakini usiitoe yote. Nati hiyo itazuia rodi isikuangukie usoni. Chukua nyundo mbili. Nyundo nzito iegemeze upande mmoja wa tundu. Kwa nyundo ya pili gonga upande wa pili, pigo moja zito, la haraka. Tundu linabanwa kwa nukta moja, linaruka, na shina linaachia. Utasikia "ta!"

Usigonge ncha ya shina lenyewe. Kijana alikuwa ameshafanya hivyo kabla fundi hajafika. Nyuzi zilikuwa zimepondeka kama uyoga. Boljointi hiyo ilibidi inunuliwe mpya. Pigo moja la haraka lilimgharimu babu yake fedha za mbuzi.

UPANDE GANI NI KUFUNGUA?

Nati nyingi hufunguka ukizungusha kinyume cha mishale ya saa. Lakini boljointi mbili za tairodi hazifanani. Moja ina nyuzi za kulia, nyingine ina nyuzi za kushoto. Zimefanywa hivyo makusudi, ili ukizungusha rodi, irefuke au ifupike pande zote mbili kwa pamoja.

Mtu asiyejua jambo hili hukaza siku nzima akidhani anafungua. Halafu analaumu kutu. Angalia nyuzi kwanza, zinapanda upande gani.

Na kabla hujafungua chochote, pima urefu wa rodi kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine. Andika kwenye daftari. Wewe sasa unajua kuandika, itumie elimu yako! Fundi wetu aliandika kila kipimo kwa penseli. "Kichwa husahau," alisema, "karatasi haisahau."

MOTO: RAFIKI NA ADUI

Kijana aliuliza, "Fundi, si tuwashe moto tu, chuma kitanuke kiachie?"

Ni kweli, chuma kikipata joto hutanuka. Tundu likitanuka, shina huachia. Mafundi wenye vyombo vya gesi hufanya hivyo. Lakini kuna makatazo.

Kwanza, usiwashe moto mahali ulipomwaga mafuta ya taa au petroli. Hata nguo zako zilizolowa mafuta ya taa zinaweza kushika moto.

Pili, boljointi ina grisi na mpira ndani. Ukiichoma, imekufa. Usiirudishe kwenye gari.

Tatu, mikono ya usukani imetengenezwa kwa chuma kigumu cha pekee. Ukiichoma mpaka ikawa nyekundu, ugumu wake unaondoka. Inaweza kupinda au kuvunjika njiani. Mkono ulioiva hivyo hautengenezwi kwa kupigwa nyundo wala kwa kuunganishwa kwa weldi. Unatupwa.

Nne, usichome kamwe kitu kilichofungwa chenye mafuta ndani, kama rilei.

RILEI: NYOKA ALIYELALA

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Mtu angesema, "Tuifungue rilei, tuisafishe." Hapa fundi alikaza sauti.

Ndani ya rilei kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi sana. Springi hiyo inasukuma bushi za ndani ili usukani usitikisike ovyo barabarani. Mtu akifungua mifuniko na kugonga mhimili utoke, springi inaweza kuruka ghafla kama risasi. Inaweza kutoboa jicho, kuvunja taya, hata kuua. Kuifungua ni kazi ya fundi mwenye ujuzi na vyombo vya kuizuia. Ndugu msomaji, rilei isifunguliwe chini ya mwembe.

Basi tulifanya nini? Tulijaribu dawa nyepesi kwanza. Rilei inapaswa kuwa na mafuta ndani. Ya mzee ilikuwa kavu kabisa.

Juu ya rilei kuna mfuniko wenye bolti nne. Fundi alisafisha juu yake, asije akaingiza mchanga. Akatoa bolti mbili tu, zinazotazamana. Mfuniko wenyewe hakuugusa. Tundu moja ni la kutilia mafuta, la pili ni la kutolea hewa. Ukitoa bolti moja tu, hewa haina pa kutokea, na mafuta yatakataa kuingia. Ni kama kumimina maji kwenye chupa yenye shingo nyembamba.

Alitia mafuta ya gia namba 90, ambayo tulikuwa tumeyaanika juani ili yawe mepesi. Alitia kidogo, akangoja. Alitia tena, akangoja. Haba na haba hujaza kibaba. Kila baada ya saa chache aliusukuma mkono wa rilei, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa mikono yake tu.

Siku ya tano jioni ulisogea upana wa kidole. Kesho yake ulikwenda mpaka mwisho.

"Sasa umelegea," kijana alisema.

"Hapana," fundi alijibu. "Rilei nzima haiwi nyepesi kama mlango. Inakuwa nzito kidogo, lakini inakwenda taratibu, sawasawa, bila kukwama. Ingekwama mahali pamoja na kuachia mahali pengine, ningewaambia mtafute nyingine. Na ingekuwa haijasogea leo, ningeitoa yote na kuipeleka gereji."

KUREJESHA NA KUPIMA

Tulirudisha rodi zote kwa vipimo vya daftari. Kila kotapini ilikuwa mpya. Pini ya zamani iliyokwisha kupindwa mara moja haifai tena, na bei yake ni ndogo kuliko soda. Mipira ya kufunika boljointi iliyopasuka ilibadilishwa, ili vumbi lisiingie. Matufe nyuma ya magurudumu nayo yalitiwa mafuta, kwa maana yalikuwa yamepungukiwa.

Kisha tulipima magurudumu. Kwa urefu wa katikati ya gurudumu, tulipima nafasi kati ya magurudumu mawili kwa mbele, halafu kwa nyuma. Katika gari hili mbele panatakiwa pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 2 na kidogo. Tofauti ikizidi, tairi huliwa upesi na gari huvuta upande.

Gari likiwa bado juu ya magogo, tuligeuza usukani mpaka mwisho wa kulia na mpaka mwisho wa kushoto. Tulitazama kama mipira ya breki inavutwa au kusuguliwa. Ndipo tukalishusha.

Safari ya kwanza haikuwa barabarani. Ilikuwa uwanja wa mpira, mwendo wa mtu anayetembea, bila abiria. Watoto waliambiwa wakae mbali. Baadaye fundi alilala tena chini ya gari na kugusa nati moja baada ya nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MZEE ALISEMA NINI

Mzee alimwuliza fundi, "Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa ukosefu wa mafuta tu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kikombe kimoja cha mafuta kila ulipofanyia gari huduma, na rilei hii isingeganda."

Mzee alicheka, lakini alicheka kwa uchungu. Alikuwa na gari hilo miaka mingi, na hakujua kama rilei ipo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Siku hizi gari la mzee linafanya kazi. Juzi juzi lilimpeleka mama mmoja zahanati saa nane za usiku, akajifungua salama. Nilipopita pale asubuhi, nilimkuta kijana amelala chini ya gari na tochi. Nilimwuliza anatafuta nini.

"Natazama kotapini tu, mjomba," alisema. "Zipo zote."

MANENO YA KUKUMBUKA

Rilei: kiungo cha katikati kinachopokeza msukumo wa usukani.
Boljointi: kiungo cha mviringo mwishoni mwa rodi.
Tairodi: rodi ndefu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele.
Kotapini: pini inayozuia nati isifunguke yenyewe.
Chesisi: uti wa mgongo wa gari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini fundi alimkataza kijana kutumia bomba la chuma?
2. Fundi alijuaje kwamba sanduku la usukani ni zima?
3. Kwa nini alitoa bolti mbili za mfuniko wa rilei, na si moja?
4. Kuna chombo gani nyumbani kwako, kama baiskeli, pampu au cherehani, ambacho hakijatiwa mafuta siku nyingi? Utakitazama lini?